Chumba Tupu au Chumba Chenye Vitu: Kipi Kinavuta Wanafunzi?

Kama una vyumba vya kupangisha huku Changanyikeni, Makongo au Survey, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), lazima uamue: uache chumba tupu au uweke kitanda, godoro, meza na kabati kabisa?

Chumba tupu gharama yake ndogo, unapiga rangi, unaweka nyavu madirishani basi. Wa mwaka wa pili na wa tatu wanakipenda maana vitu vyao wanavyo tayari.

Ila yule wa mwaka wa kwanza anayeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi katokea Kigoma au Bukoba, hana hata ndoo, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia, sasa umwambie akanunue godoro na bado unataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo, jamani ataenda kwingine tu. Huyo mpe chumba chenye vitu, alipe kwa semista. Na meza na kiti visikosekane, mtu kaja kusoma, asisomee kitandani. Vitu vyote viandike kwenye mkataba, piga na picha, chukua dipoziti kidogo.

Mimi ningeweka vitu kwenye nusu ya vyumba. Lakini kama hela ni ya kubana, fanicha isubiri, anza na simtanki la maji na submita (mita ndogo ya umeme) ya kila chumba, maana huyu ana pasi na jiko la umeme, yule ana taa tu, halafu hela ya umeme wa LUKU mnachanga sawa? Ugomvi huo ndio unahamisha watu katikati ya semista.