Clash of the Titans ya 2010: itazame bila miwani ya 3D

Nimeitazama filamu hii kwa 3D na kwa kawaida. Chukua ya kawaida. Haikupigwa kwa kamera za 3D; baada ya filamu ya 3D ya Avatar kufanya vizuri mno mwishoni mwa 2009, studio iliigeuza kwenye kompyuta kwa wiki chache tu. Ndiyo maana vichwa vya watu vinaonekana kama vimekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Tena miwani ile hupunguza mwanga, na pango la Medusa, ambalo tayari lina kiza, humezwa kabisa.

Na pango hilo ndilo linalonirudisha kila mara. Medusa anateleza kati ya nguzo kwa mkia wake wa nyoka, anafyatua mishale, na askari akimwangalia machoni tu, anageuka jiwe. Stelingi Perseus (Sam Worthington) anamvizia kwa kutazama taswira yake kwenye ngao. Pambano la nge wakubwa jangwani nalo ni zuri: wanazaliwa kutokana na damu ya Calibos, adui wa Perseus, iliyomwagika mchangani. Ralph Fiennes akiwa Hades, mungu wa kuzimu, anaongea kwa sauti ya chini, ya kukwaruza, kwa hiyo usitegemee spika za simu. Tumia spika nzuri.

Kwa anayezijua hadithi za Wagiriki, mengi yamepinduliwa. Pegasus, farasi mwenye mabawa, alizaliwa kutoka shingo ya Medusa baada ya Perseus kumkata kichwa, lakini humu Perseus anakutana naye hata kabla ya kazi hiyo. Io ni bibi wa mababu wa Perseus, humu amefanywa mpenzi wake. Kraken, lile jitu la baharini, ametolewa kwenye hadithi za Skandinavia. Linaloniuma zaidi ni Andromeda: Wagiriki wenyewe walisema ni binti wa mfalme wa Ethiopia, filamu imemhamishia Argos, mji wa Ugiriki, na kumfanya Mgiriki. Na hao Wataitani (Titans) wa kwenye jina, miungu ya kale iliyotangulia akina Zeus, wanatajwa mwanzoni tu; hakuna hata mmoja anayepigana.

Ni dakika 106, na Kraken hatoki baharini hadi mwishoni kabisa, kwa hiyo usichoke mapema.

Ukiipenda, tafuta ile ya awali, ya 1981. Majitu yake ni vinyago vya Ray Harryhausen, fundi wa filamu, vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Medusa wake ndiye anayetisha zaidi: mkia wake unalia kizani kabla hujamwona.