Sahani ya buluu na nyeupe kutoka Arita: uzoefu wangu

Hii nimeipakulia pilau na samaki wa kupaka mara nyingi, kwa hiyo naweza kuisema. Niliinunua Arita, mkoani Saga huko Kyushu, Japani, kwenye gulio la vyombo linalofanyika kila mwaka Aprili 29 hadi Mei 5. Ni kazi mpya, ila mchoro ni wa karne ya 17: ndege na maua katikati, ukingo umegawanywa vyumba vyumba kuzunguka sahani nzima. Wajapani huuita fuyode.

Ukiiona utaapa ni ya Kichina, hasa sisi wa pwani tuliozoea bakuli za Kichina hadi kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi. Na ndivyo ilivyokusudiwa. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644, vita vilivuruga biashara ya kauri China. Kampuni ya Waholanzi, VOC, iliyokuwa na kituo Dejima pale Nagasaki, ikageukia Arita, na mwaka 1659 ikaagiza mzigo mkubwa. Wateja wa Ulaya walitaka kile kile walichokizoea, mafundi wakakichora. Vyombo vilipitia bandari ya Imari, jina likavinata.

Kabla ya kununua, pita makumbusho ya kauri ya Kyushu, papo hapo Arita. Maonyesho ya kudumu ni bure. Nilichokipenda zaidi ni migongo ya sahani. Zile kubwa za kale za Arita mara nyingi zina vidoa vidogo chini, alama za vipande vya udongo vilivyozishikilia zisibonyee tanurini. Za Kichina kwa kawaida hazina.

Kwa kazi mpya, tazama buluu yenyewe. Iliyochorwa kwa mkono hukolea hapa na kufifia pale, brashi ilipopita mara mbili. Iliyobandikwa kwa karatasi huwa sawasawa mno, na wakati mwingine utaona kiungo.

Yangu ni ya mkono, yeni 12,000. Ghali, lakini sijutii. Rangi iko chini ya tabaka la juu linalong'aa, haitoki kwa kuoshwa. Kasoro ni kitako: kilikuwa kikavu na kikwaruzaji, kikaichubua meza yangu mpaka nilipokisugua kwa msasa laini. Muuzaji hakunidokezea lolote.

Mwenye mfuko mwepesi aulizie soba choko, vikombe vya mchuzi wa tambi. Vinafaa sana kwa kahawa, na vya mkono vya bei nafuu havikosekani.