Kipimo cha pumzi cha mkononi: mwaka mmoja wa kupuliza asubuhi na jioni

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa, kila nikiamka husimama kando ya kitanda na kupuliza mara tatu ndani ya bomba dogo la plastiki kabla sijanywa chai na kabla sijagusa inhela yoyote, yaani kile kikopo cha dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Bomba hilo ni kipimo cha kasi ya pumzi, ambacho kliniki nyingi hukiita pikifulo, na nilikinunua katika duka la dawa jijini Dar es Salaam kwa bei iliyokaribiana na ya inhela mbili za bluu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Tanga, nina pumu tangu utotoni, na ninaandika tathmini hii kwa sababu kabla ya kukinunua nilitafuta maelezo ya Kiswahili ya mtu aliyekitumia nyumbani kwake nisiyapate.

Chombo chenyewe ni chepesi na hakihitaji betri wala umeme. Ndani yake mna springi, na mtu akipuliza kwa nguvu hewa husukuma kishale juu ya mstari wenye namba, kisha kishale hubaki palepale kasi ya pumzi ilipofikia kilele, nawe unasoma kwa lita kwa dakika. Changu ni cha watu wazima, nacho kinaanzia 60 hadi 800. Aliyebuni kipimo cha aina hii ni Basil Martin Wright wa Uingereza, ambaye mwaka 1959 alikieleza pamoja na mwenzake McKerrow kikiwa bado chombo kikubwa cha hospitalini, na mwaka 1978 akaleta kile kidogo ambacho mgonjwa anaweza kukaa nacho nyumbani. Mbali na hapo, umbo lake halina mengi ya kusimuliwa.

Faida yake kubwa sikuiona siku nilipokinunua, bali niliiona katika daftari. Daktari aliniagiza niandike namba kubwa kuliko zote katika mipulizo mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili mfululizo. Siku hizo nilijihesabu kuwa mzima: nilifundisha vipindi vyangu vyote, nilipanda ngazi, na kifua hakikuwa kikilia. Hata hivyo daftari lilionyesha 300 asubuhi na 390 jioni, na siku iliyofuata hivyohivyo, na ya tatu hivyohivyo, maana yake ni kwamba kila alfajiri mirija yangu ya hewa ilikuwa ikibana nami nimelala. Kwa mtu mzima, tofauti ya asubuhi na jioni ikizidi wastani wa asilimia 10 huhesabiwa kuwa kubwa kupita kawaida. Yangu ilikuwa kama asilimia 26. Daktari alinieleza jambo ambalo tafiti zimelionyesha mara nyingi, kwamba mgonjwa aliyeishi na pumu kwa miaka huzoea kubanwa, na wako wasiohisi chochote hadi mirija iwe imeshafinyika sana. Nilikuwa mmoja wao, na sikuwa na njia nyingine ya kulijua hilo.

Namba hizo ndizo zilizobadilisha dawa yangu. Kwa miaka mingi nilitegemea inhela ya bluu peke yake, yaani salbutamoli, dawa ya kutuliza ambayo hulegeza misuli inayozunguka mirija lakini haiugusi uvimbe ulio ndani yake. Uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Huko Uingereza, uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba, miongoni mwa marehemu ambao idadi ya inhela zao za kutuliza iliweza kuhesabiwa, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Nilipohesabu zangu nilinyamaza. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya jaribio la kitabibu liitwalo SYGMA 1, lililowafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,800 wenye pumu isiyo kali kwa mwaka mzima: waliovuta mchanganyiko wa budesonidi, inayopunguza uvimbe, na formoteroli, inayolegeza misuli, kila walipobanwa walipata mashambulio makali kwa kiwango cha asilimia 64 chini ya wale waliovuta dawa ya kutuliza peke yake. Mwaka uliofuata, mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, uitwao GINA, uliacha kupendekeza kwamba mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kutuliza pekee. Daktari alinihamishia kwenye mchanganyiko huo, kwa kuvuta kila siku, na baada ya wiki nane hivi asubuhi zangu zilikuwa kati ya 380 na 410, huku namba yangu bora kabisa ikiwa 430. Dawa ndiyo iliyotibu. Kipimo kilitoa ushahidi, kwanza kwamba ilihitajika, kisha kwamba ilifanya kazi.

Kasoro zipo, na mnunuzi anastahili kuzijua. Kipimo hiki hupima pia bidii ya anayepuliza. Ukipuliza kivivu kitakudanganya kwamba unaumwa, na ukipuliza kwa kutema, kama mtu anayerusha kokwa la zambarau, kitakupandishia namba isiyo yako. Siku za mwanzo niliandika 480 kwa kosa hilo, na ilinibidi nifute. Inafaa usimame wima, urudishe kishale mwanzo, uvute pumzi hadi kifua kijae, ufunge midomo barabara kuzunguka mdomo wa bomba bila ulimi kuziba njia, kisha upulize mara moja kwa nguvu na kwa haraka. Haya yote niliyapata kwa muuguzi, kwa kuwa karatasi iliyokuwa ndani ya boksi haikuwa na neno hata moja la Kiswahili, jambo linalosikitisha kwa chombo kinachouzwa kwetu. Kipimo cha kwanza nilichonunua, cha bei rahisi zaidi na cha kampuni nyingine, kilikuwa na kishale kilichoteleza chenyewe ukikiinamisha, hivyo nashauri mtu akijaribu kishale dukani kabla ya kulipa. Usichanganye pia namba za vipimo viwili tofauti katika daftari moja, na usiwe mtumwa wa jedwali la wastani, kwani majedwali mengi yametokana na vipimo vya watu wa Ulaya. Namba ya kujilinganisha nayo ni ile bora yako mwenyewe.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano sikipendekezi, kwa kuwa wengi wa umri huo hawawezi kupuliza inavyotakiwa. Mzazi mwenye fedha kidogo aanze na spesa, yaani chombo chenye uwazi kinachowekwa kati ya inhela na mdomo ili dawa ivutwe vizuri, ambayo hata chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kuwa: utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa hiyo, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela, ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani kwa watoto waliobanwa. Kipimo cha pumzi hakina mbadala wa namna hiyo.

Mpango wangu wa maandishi unasema hivi: juu ya asilimia 80 ya namba yangu bora ni kijani, yaani salama; kati ya 50 na 80 ni njano, yaani tahadhari; chini ya 50 ni nyekundu, yaani hatari. Usiku mmoja wa masika, baada ya siku tatu za mafua na nyumba yenye unyevu, niliamka nikihisi uzito mdogo tu ambao zamani ningeulalia hadi asubuhi. Nilipuliza mara tatu, na iliyo kubwa ilikuwa 210, chini ya nusu ya 430 yangu. Nilivuta dawa kama mpango unavyoelekeza, nikamwamsha mume wangu, tukaondoka saa tisa usiku na daftari mkononi. Daktari wa zamu aliitazama ile 210, akafunua kurasa za wiki iliyotangulia, na akaagiza oksijeni kabla hajaniuliza swali la kwanza.