Kupatwa kwa jua au kwa mwezi, kipi kinalipa kukisubiri?

Ubishi huu unarudi kila mara kijiweni kwetu Kirumba na mimi kila mara nabadili upande.

Gharama kwanza. Mwezi ni bure, unakaa zako ufukweni unautazama kwa macho matupu, ule wa Septemba 7, 2025 ulizama wote kwenye kivuli cha dunia kuanzia kama saa 2:30 usiku ukakaa mwekundu dakika 82. Jua linataka miwani maalum, ile ya mtaani haifai hata uvae mbili. Ukikosa simama chini ya mwembe uangalie ardhini, mwanga ukipenya kwenye majani unachora vijua vidogo vya umbo la hilali, mi naipenda hiyo kuliko miwani.

Watu wanasema la jua ni adimu, kumbe duniani linatokea mara 2 hadi 5 kwa mwaka, ingekuwa kila mwezi unapoandama ila njia ya mwezi imeinama digrii 5 hivi. Shida kivuli chake ni chembamba, kinapita kama mstari, wakati mwezi ukipatwa kila aliko usiku anauona. Ndo maana 2016 pete, yaani mwezi unaziba katikati ya jua ukingo unabaki unang'aa, ilikuwa Rujewa kule Mbeya, sie Mwanza tukapata kipande.

Mawingu ya ziwa hayachagui, ila mwezi unakupa masaa, jua likizibwa lote halifiki hata dakika 8.

Una watoto na nauli hauna, subiri mwezi. Una akiba, Agosti 2, 2027 nenda Luxor, Misri, giza mchana dakika 6 na ushee.