Duka la vyakula vya mifugo la Mbuyuni, Moshi: nunua nyasi, iache rafu ya dawa

Mjini Moshi sijapata kuona duka linalouza chakula kilichotengenezwa mahususi kwa kobe, kwa hiyo anayetaka kumrudishia uzito kobe aliyekonda hana budi kwenda kwenye maduka ya ng'ombe na kuku, akijua mwenyewe cha kuchukua na cha kuacha. Duka ninalolieleza hapa lipo Mbuyuni, na jina lake nimelihifadhi kwa sababu si yote nitakayoyasema ni ya kulisifu. Nilianza kununua pale nilipokabidhiwa kobe jike wa madoa, yule ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, pamoja na kibali chake, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuokota kobe porini na kumfuga kienyeji. Aliyekuwa naye awali alimlisha nyanya, ndizi mbivu na wali. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya mapaja imelegea, na ukimbeba ulihisi wepesi usiolingana na ukubwa wa gamba lake.

Sifa kubwa ya duka hili ni nyasi kavu za Rhodes. Mama muuzaji hufungua kona ya robota mbele ya mteja, akachomoa fumba moja na kulikung'uta. Likiwa zuri huwa bado na ukijani na harufu ya shamba lililokatwa karibuni, na likitoa vumbi jeupe au harufu ya uvundo hulirudisha nyuma bila kubishana. Jambo hilo si dogo, kwa maana ukungu unaweza kumdhuru kobe ambaye tayari ni dhaifu. Kobe wa aina hii ni mla nyasi hasa, na bakteria walio katika utumbo wake mpana huchachusha nyuzinyuzi taratibu na kumpatia nguvu, ndiyo maana sehemu kubwa ya mlo wake inapaswa kuwa nyasi hata pale anapotakiwa kunenepa. Aliyezoea vitamu huzikataa mwanzoni. Mimi huzikata kwa mkasi vipande vifupi, nikazilowanisha na kuzichanganya na majani ya haibiskasi, majani ya mforosadi na vipande vya mpungate vilivyotolewa miiba, kisha nikaongeza nyasi na kupunguza majani kadiri anavyozoea.

Kijana wa kaunta ana maoni mengine. "Mzee, mpe huyu chakula cha vifaranga, atajaa upesi," aliniambia, na nina hakika alinitakia mema. Hata hivyo vyakula vya kuku vimejaa wanga na protini, na kwa kobe wanga mwingi huvuruga uchachushaji tumboni na kuleta kuhara, huku protini ya kupita kiasi ikiyaelemea mafigo, hasa ya mnyama aliyepungukiwa maji. Lusina kavu, malisho ya jamii ya kunde ambayo pia wanayauza, niliinunua kidogo tu kwa sababu hiyohiyo ya protini.

Kwenye madini, mnunuzi asome mfuko. Chokaa ya kulishia ndiyo inayofaa, kwa kunyunyiza kidogo juu ya majani. DCP (dicalcium phosphate) iliyo pembeni yake ina fosforasi pia, ilhali mlo wa kobe unatakiwa kuwa na kalisi angalau mara mbili ya fosforasi.

Lawama yangu nzito ni ya rafu ya dawa. Nilipouliza kuhusu minyoo nilipewa ivermectin papo hapo, ile ile ya ng'ombe na mbuzi, bila kuulizwa ni ya mnyama gani. Dawa hiyo ni sumu kwa kobe na inaweza kumuua. Daktari wa mifugo anayefika dukani hapo baadhi ya siku aliirudisha rafuni mara moja, akataka apimwe kinyesi kwanza, na fenbendazole itolewe kwa kipimo chake iwapo minyoo itaonekana. Ni daktari huyo huyo aliyenionya kwamba kobe aliyeshinda na njaa muda mrefu haanzi kwa kushibishwa: huanza kwa kulowekwa katika maji ya uvuguvugu yasiyofika puani, dakika 15 hadi 20 kila siku, ndipo chakula kiongezwe kidogo kidogo, kwa kuwa kulishwa ghafla huvuruga chumvi za damu.

Wananiruhusu pia kumpima kwenye mzani wao wa kielektroniki bila malipo. Apimwe kabla ya kulowekwa, maana kobe hunywa sana na kibofu kilichojaa hudanganya mzani. Wangu alianza na kilo 2.1 na sasa amefika 2.6, na ongezeko la polepole namna hiyo ndilo linalotakiwa. Kati ya Juni na Agosti, Moshi inapofunikwa na mawingu, uzito ulisimama; bila joto la jua kobe hameng'enyi chakula, na hakuna bidhaa ya duka itakayorekebisha hilo.

Ubora wa nyasi naupa nyota tano, ushauri wa kaunta nyota moja. Usafiri wa robota hadi nyumbani ni juu ya mnunuzi, na ni vema kununua mapema kabla ya kiangazi, kwa sababu ifikapo Septemba wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huzigombania na yanayobaki ni marobota ya manjano.