Kuchora Ramani kwa Kujitolea Baada ya Kustaafu: Uzoefu Wangu

Nilistaafu kufundisha Jiografia nilipofika miaka 60, na miezi mitatu ya kwanza nililala mpaka saa mbili asubuhi. Mwezi wa nne nikaanza kubishana na redio. Wanangu wakasema, "Mama, tafuta sehemu ujitolee." Kusema ni rahisi.

Nilianza na ofisi moja ya misaada ambayo siitaji. Walinipa meza, kalamu na daftari la wageni. Kwa wiki walikuja wageni wawili, na mmoja alikuwa fundi wa kiyoyozi. Wiki ya tano nikaaga. Kamati za harusi nazo nimekaa sana, na huko watu wapo na vicheko vipo, ila unachojitolea ni pochi yako, na hesabu ngumu kuliko zote ni nani hajamalizia ahadi. Mimi nilitaka vyote viwili: watu wa kuongea nao, na kitu cha kunisumbua kichwa kidogo.

Binti wa jirani anayesoma chuo ndiye aliyenifungulia OpenStreetMap. Hii ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida na inayotumiwa na yeyote bila kulipa; ilianzia Uingereza mwaka 2004. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010 ikazaliwa taasisi ya HOT, inayokusanya watu wa kujitolea kuchora sehemu zenye maafa au ambazo hazina ramani ya maana. Wana jukwaa lao linaloitwa Tasking Manager. Eneo kubwa limekatwa miraba midogo. Unachukua mmoja, picha ya setilaiti inafunguka, unafuatisha kila nyumba na kila njia kwa kipanya. Ukimaliza, mtu mzoefu anapita kukagua, kama mimi nilivyokuwa nasahihisha madaftari.

Nikajua ni kazi ya mkono tu. Wapi! Mradi wangu wa kwanza ulikuwa vijiji vya Dodoma. Nyumba ya bati haina shida, inang'aa yenyewe. Lakini tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo, rangi ileile ya uwanja unaolizunguka, na kutoka juu unaweza kulipita mara kumi usilione. Kinacholisaliti ni kivuli. Setilaiti nyingi za picha hupita kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo kivuli huangukia upande wa magharibi. Ukiona ukanda mwembamba mweusi upande huo, hapo pana ukuta. Miaka zaidi ya thelathini nimefundisha watoto jua na vivuli kwa kijiti uani, na siku ile ndiyo mara ya kwanza somo hilo linanifaa mwenyewe kwenye kazi.

Mraba wangu wa kwanza ulirudishwa. Mkaguzi aliandika kwa adabu kabisa kwamba nyumba zangu tatu za msonge ni miembe. Nikarudi, nikakuza picha, nikatazama: kweli, miembe. Nilicheka peke yangu sebuleni, halafu nikakaa mpaka usiku nikirekebisha. Siku hizi natofautisha njia ya ng'ombe na njia ya gari, na boma la mifugo na ua wa nyumba. Nikikwama naacha patupu, maana nyumba ya uongo ni mbaya kuliko nyumba iliyosahaulika. Mtu anaweza kutumwa na chanjo akaukuta mwembe.

Kwa upande wa akili, basi, naipa alama zote. Utumiaji nao si mgumu. Kuna vidude vidogo unavizoea, mfano ukishachora nyumba ukabonyeza herufi Q, kona zote zinanyooka zenyewe. Raha yake ni ile ya kufumua uzi uliojisokota ukaupanga vizuri. Lakini picha za setilaiti zinakula bando kama mchwa, maelekezo mengi ni ya Kiingereza, na kuchora majengo kwa simu usijaribu, utaumia macho bure. Mimi nilinunua kompyuta ya mtumba. Mgongo nao unalalamika, ila huo ulikuwa unalalamika tangu zamani.

Sasa watu. Hapa niseme wazi, kwa sababu walionisimulia kazi hii hawakuniambia: ukichorea nyumbani, uko peke yako. Unaweza kuchora vijiji vitano usisikie sauti ya mtu. Kuna mikutano ya kuchora kwa pamoja, na ndiyo iliyoniokoa, ila nayo haifanani. Mmoja niliitiwa na taasisi fulani, saa tatu nzima. Saa mbili zikaenda kwenye hotuba na kupiga picha mbele ya bango, tukachora dakika ishirini, tukagawiwa soda. Kundi ninaloenda sasa ni dogo, vijana kumi hivi, Jumamosi asubuhi. Posho hakuna, nauli yako mwenyewe. Wananiamkia shikamoo Mwalimu, halafu baada ya dakika tano wananicheka navyoshika kipanya. Nimewazoea.

Utamu wenyewe uko mitaani. Dar es Salaam kazi hii ina historia: Ramani Huria ilianza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wakatembea kata zinazofurika wakichora mitaro, nyumba, njia, hata mipaka ya mashina, yale mafungu ya nyumba yaliyo chini ya mjumbe mmoja. Nasi tunapita kwa miguu kuongezea kilichobadilika. Setilaiti inaona paa, haioni jina. Haijui kwamba kituo cha Sinza kinaitwa Kwa Remmy kwa sababu ya mwanamuziki Remmy Ongala, wala mtaro ule chini ya vibanda unatokea wapi. Haya yanaulizwa.

Na kuuliza ndiko nilikogundua nina faida. Kijana akisimama na simu mkononi mbele ya nyumba ya mtu, swali la kwanza ni, "Mnataka kutubomolea?" Mimi naanza na salamu. Habari za hapa, poleni na mvua, mjumbe wa shina nampata wapi? Naletewa kigoda. Vijana wanasimama juani wakiandika, mimi nimekaa napewa maji. Tukimaliza shina moja, nimejua nani anaumwa, nani kajenga juu ya mtaro na nani anamfunika. Nikirudi nyumbani sauti imekauka kwa kuongea.

Tandale tulikwama kwenye kichochoro kimoja. Mzee wa kwanza akasema ni Njia ya Mashine, kwa sababu hapo palikuwa na mashine ya kusaga. Mzee wa pili, aliyekaa benchi hilohilo, akasema mashine ilikuwa ng'ambo, hapa ni Njia ya Kisima. Wakabishana nusu saa, wakaitwa mashahidi, mama muuza mihogo akaongeza jina la tatu, wote wawili wakalikataa kwa pamoja. Yule kijana wetu mwenye simu akanitazama kama mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani.

Bahati nzuri OpenStreetMap ina nafasi ya jina kuu na nafasi ya jina lingine. Tukaandika Mashine juu, Kisima chini, tukawaonyesha wote wawili kwenye kioo cha simu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia mpaka bando lishuke bei, ingawa najua hilo si kosa lao. Ukianza, chukua mradi ulioandikwa wa wanaoanza, fanya miraba miwili mitatu nyumbani mpaka macho yazoee, halafu tafuta kundi la karibu haraka kabla upweke haujakuchosha. Beba kofia.

Mzee wa Kisima bado hajanisamehe. Kila nikipita ananiuliza, kabla hata ya salamu, "Mwalimu, bado mmeniweka chini?"