Karakana ya bunduki Moshi: fundi anayeanza na risasi

Nasimamia walinzi wa maghala ya kahawa hapa Moshi. Silaha ya lindo la usiku ni shotigani ya pampu aksheni, ile inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma mpini wa mbele, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), iliyotengenezwa Uturuki. Tatizo lake lilituchosha kwa sababu lilikuwa la kubahatisha. Mlinzi anakoki, risasi inapanda. Anakoki tena, safi. Halafu siku ya ukaguzi risasi inachomoka kwenye magazini, lile bomba la akiba chini ya mtutu, na kulala chini ya kinyanyuzi, kile kipande kinachoipandisha risasi, pampu haiendi mbele wala nyuma. Siku nyingine anakoki na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, inabaki tupu. Silaha ya namna hiyo huwezi kumwachia mtu anayelinda peke yake usiku wa manane.

Fundi wa kwanza aliimwagia mafuta, akaikoki ikiwa haina risasi, akasema imepona. Haikupona.

Huyu wa sasa ni mzee mmoja mwenye karakana ndogo, na utaratibu wake ndio ulionifanya niandike. Kwanza aliomba leseni, akalinganisha namba na ile iliyogongwa kwenye bunduki. Akafungua chemba, akaangalia, akaingiza kidole kuhakikisha, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye magazini. Halafu akasema: “Mkuu, niletee risasi zile zile wanazokabidhiana, na kijana anayeikamata usiku.” Risasi mpya za kwenye boksi hakuzitaka.

Nilipozimwaga mezani nikaelewa. Zilikuwa risasi zile zile, jioni zinaingizwa, asubuhi zinatolewa, miezi na miezi. Kingo za vitako vya risasi zilikuwa zimepinda na kuota kutu, na plastiki imevimba pale inapokunjwa mdomoni kwa kukaa imebanwa na springi. Mzee akaung'oa mtutu, akauinamisha, akadondosha risasi moja moja kwenye chemba. Nzuri inaingia kwa uzito wake na kutoka ukiugeuza. Mbili zetu ziligota njiani. Kipimo hicho ni cha dakika chache na hakina gharama, nashangaa sijawahi kumwona fundi mwingine akikifanya.

Mtutu wetu umeandikwa 12/76, yaani geji 12 na chemba ya urefu wa milimita 76, na inapokea hata risasi za 70. Alisisitiza kwamba kinyume chake ni hatari: kwenye mtutu wa 12/70 risasi ya 76 inaweza kuingia bila shida, kwa kuwa urefu huo hupimwa mdomo wa ganda ukiwa umeshafunguka, na risasi ambayo haijafyatuliwa ni fupi zaidi. Ukifyatua, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda kupita kiasi.

Kisha ikawa zamu ya kijana. Akapewa risasi za mazoezi zisizo na baruti, akaambiwa akoki kama anavyokoki lindoni. Alikuwa akivuta taratibu na kuishia kabla ya mwisho, kwa hiyo mara nyingine kinyanyuzi hakikupata kitu cha kupandisha. “Usiibembeleze, mwanangu,” mzee akamwambia. “Vuta mpaka igonge, sukuma mpaka igonge.” Chemba tupu zikaisha hapo hapo.

Bunduki yenyewe aliigusa mwisho. Alifungua kifuniko cha magazini akiwa amekizuia kwa kiganja, maana springi huruka. Ndani, yale mafuta ya fundi wa kwanza yalikuwa yamechanganyika na vumbi la kiangazi yakawa tope. Kisukumio, kinachosukumwa na springi ili kutoa risasi, kilirudi kwa kusitasita. Akasafisha, akakausha, akapaka mafuta kidogo sana. Vile vikamatio viwili vya pembeni, vinavyoruhusu risasi kutoka moja moja, kimoja kilikuwa kimelika kona. Risasi yenye ukingo mzima ilizuilika, iliyopinda iliponyoka ikafuata ya mbele yake. Ndiyo maana ilikwama leo, ikakaa sawa wiki nzima. Ilihitaji kikamatio kibovu na risasi mbovu vikutane.

Kasoro za karakana zipo. Hana vipuri, kikamatio tulikisubiri kutoka Dar es Salaam, na muda wote huo lindo lilikuwa na silaha ya kuazima. Simu hapokei akiwa kazini. Ufundi alinitoza shilingi elfu sitini bila kipuri, na naiona ni bei ya haki kwa mtu aliyekufundishia na mlinzi.

Tangu hapo tunaziandika risasi tarehe kwa kalamu, tunazizungusha, na iliyopinda haiingii tena kwenye magazini. Pampu imetulia.

Ukienda, nenda asubuhi, Jumamosi hafungui. Beba leseni, bunduki ikiwa tupu na risasi kwenye mfuko wake mbali nayo, na usimwache mlinzi nyumbani.